Kabla Hujapiga Windows: Skrini Inapochafuka na Kutakata Yenyewe

Wiki ya tisa ya muhula uliopita, saa nne usiku, skrini yangu ilijaa nukta za kijani. Nilikuwa nazungusha mchoro wa zahanati, mradi wangu wa mwaka wa tano wa usanifu majengo, mara ukuta wa mapokezi ukageuka vimraba vya zambarau kama kitenge. Nikasogeza kipanya, vimraba vikahama pamoja na ukuta. Baada ya sekunde kumi hivi kila kitu kikawa safi. Nikazima, nikawasha, nikafanya kazi hadi saa nane bila shida, nikalala zangu.

Kesho yake, kimya. Siku ya tatu vikarudi. Mwenzangu wa chumba akasema hao ni virusi. Nikabeba lile boksi ambalo wengi wetu tunaliita CPU mpaka kwa fundi mmoja wa mtaani, akaliwasha, skrini ikatulia safi kabisa mbele yake (mnajua mambo haya), naye akasema, "Hapa dogo tupige Windows tu." Shilingi elfu ishirini. Mimi niliamini kazi zangu zote zipo kwenye flashi. Kumbe toleo la kwenye flashi lilikuwa la wiki tatu nyuma. Windows mpya ikaingia, michoro ya wiki tatu ikaenda na maji. Kompyuta ikakaa siku mbili bila dosari, hadi nikamtumia fundi meseji ya shukrani. Siku ya tatu, vimraba hivyo hapo.

Simlaumu sana fundi. Nilichojifunza ni kwamba hitilafu inayokuja na kuondoka inakufanya uamini dawa yoyote ile. Kama tatizo hujitokeza kila baada ya siku tatu, basi siku mbili safi hazithibitishi kitu, uwe umepiga Windows, umefuta vumbi au umeombea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua linajitokeza kila baada ya muda gani na ukiwa unafanya nini. Nilinunua daftari la kurasa 48, nikawa naandika saa, programu niliyokuwa nimefungua, na joto la kadi. Baada ya wiki mbili niliona kitu: asubuhi nikiandika ripoti, hakuna kinachotokea. Jioni, chumba kikiwa cha moto na Blender ikifanya kazi zaidi ya nusu saa, karibu kila mara.

Sasa tuangalie picha inafikaje machoni. Programu inaiambia draiva inataka nini. Draiva inaipa kazi chipu ya kadi ya grafiki. Chipu inachora na kuhifadhi picha kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambayo si RAM ile ya kwenye madabodi. Kutoka hapo picha inasomwa, inatoka kwenye tundu, inapita kwenye waya, inafika kwenye skrini. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikichukua baiti 4, na picha ikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, hiyo ni karibu MB 500 kila sekunde. Biti moja ikikosewa, nukta inabadilika rangi. Zikikosewa nyingi kwa mpangilio, unapata vimraba au mistari. Ugonjwa unaweza kuwa popote kwenye hiyo njia, na dalili zake machoni zinaweza kufanana.

Njia hiyo inakatwa vipande viwili kwa jaribio lisilogharimu hata senti. Skrini ikichafuka, piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, si kwa simu. Picha hiyo inachukuliwa ndani ya kompyuta, kabla ya waya. Kisha itume kwenye simu uifungue huko. Ukiona uchafu hata kwenye simu, umeingia kabla picha haijatoka: draiva, chipu au kumbukumbu ya kadi. Ikiwa ni safi, shuku tundu, waya au skrini. Waya mbovu wa HDMI huleta nukta zinazometameta huku na huku bila kujali kilichopo kwenye picha, au skrini inakuwa nyeusi sekunde moja halafu inarudi. Mimi mara ya kwanza niliifungua picha kwenye skrini ileile iliyochafuka nikasema ndiyo, uchafu upo. Akili ya saa saba usiku hiyo. Kwenye simu, kwa bahati, uchafu ulikuwepo kweli. Ningejua hilo mapema, nisingesumbua watu wa vyumba vitatu kuazima waya.

Linafuata swali la draiva, na hapa ndipo naumia nikikumbuka elfu ishirini yangu. Huhitaji kufuta chochote. Weka Ubuntu kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kuisakinisha, kisha ipe kadi kazi nzito. Huo ni mfumo mwingine wenye draiva nyingine, na diski yako haiguswi. Vimraba vikitokea na huko, Windows haina kesi. Kwangu vilitokea dakika ya 40.

Joto nililoandika daftarini lilikuwa nyuzi 74, kiwango cha kawaida tu kwa kadi inayofanya kazi. Hilo lilinichelewesha wiki nzima. Namba ile ni ya chipu kuu. Vipande vinane vyeusi vya kumbukumbu vinavyoizunguka vina joto lake, na kadi nyingi za zamani hazikuonyeshi. Chipu inaweza kuwa shwari huku jirani yake anaungua.

Nilijaribu pia pawa saplai, kwa kuazima ya mwenzangu wa chumba mwishoni mwa wiki. Vikarudi. Hapo nikafika kwenye jaribio lililomaliza ubishi. Kuna programu za kupunguza kasi ya kumbukumbu ya kadi. Nikaishusha kutoka megahezi 2,000 hadi 1,800, nikaacha kila kitu kingine kama kilivyo. Nikasubiri siku kumi. Hakuna hata nukta. Zamani ningeishia hapo nikashangilia, lakini daftari lilishanifunza adabu. Nikarudisha 2,000. Jioni ileile, kitenge. Nikashusha tena, ukimya. Ukiweza kuuita ugonjwa ukaja na kuufukuza ukaondoka, kwa kugusa kitu kimoja tu, hapo umeupata.

Kufungua kadi sikufanya peke yangu. Mwenzetu mmoja wa uhandisi umeme alikuwa na bisibisi sahihi na mikono isiyotetemeka. Tulikuta mtu aliwahi kuifungua kabla yetu. Kati ya vile vipande laini vya kupitisha joto kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye chuma cha kupozea, viwili havikuwepo kabisa. Tukaweka vipya. Jamani, angalieni unene: ukiweka kinene kuliko cha awali, chuma hakitakaa vizuri juu ya chipu kuu, na utakuwa umetibu jirani ukamuua mwenye nyumba. Kuna watakaokushauri uoke kadi kwenye oveni. Huenda ikafufuka siku chache kisha ikafa tena, na oveni hiyo mtapikia tena chakula?

Imepona? Nusu. Sasa inavumilia 1,900. Nikiipandisha 2,000 kwa saa nzima, nukta mbili tatu zinachungulia. Nadhani kumbukumbu iliungua muda mrefu kabla sijainunua. Nimeiacha kwenye 1,850, kazi zangu za Blender zinachelewa kidogo, na mradi niliutetea kwa michoro niliyoichora upya usiku kwa usiku.

Kadi ile niliinunua kwa hela ya boom, mtumba, baada ya muuzaji kuiwasha dakika mbili nikaona picha nzuri. Tangu Septemba 2022, Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, kadi nyingi zilizokuwa zinafanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si kila mtumba ni mbovu, ila dakika mbili haziwezi kukuambia. Mwombe muuzaji aiache ifanye kazi nzito nusu saa, OCCT inalo jaribio la kumbukumbu ya kadi, na wewe ukae hapohapo unatazama. Akikataa, ondoka na hela yako.

Na kama skrini yako imeanza kuchezacheza leo, nakili kazi zako kwanza, kisha zifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine uone tarehe. Daftari langu mnaweza kuazima. Mje tu na flashi yenu, yangu imekaliwa na Ubuntu.