Muigwithania: Gazeti Lililotaka Watu Wasikizane

Ndugu msomaji, ukitaja magazeti ya kale, wengi wetu hufikiria Nairobi na Kiingereza tu. Kumbe hata kabla babu zetu kuzaliwa, watu wa Mlima Kenya walikuwa na gazeti lao, kwa lugha yao!

Gazeti hilo liliitwa Muigwithania. Lilianzishwa na chama cha Kikuyu Central Association (KCA) mwezi wa Mei 1928, nalo lilitoka kila mwezi. Mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, ambaye sote twamjua kama Mzee Jomo Kenyatta. Kabla ya hapo alikuwa akisoma mita za maji mjini Nairobi.

Hebu tuliangalie jina. Kwa Kikuyu, kuigua ni kusikia. Muigwithania basi ni yule anayewafanya watu wasikizane, yaani mpatanishi. Jina halikuja hivi hivi. Watu walikuwa wamegawanyika: waliosoma misheni na wasiosoma, machifu na vijana wa chama. Lakini shida ya ardhi ilikuwa ya wote.

Tayari Wamisionari wa Consolata hapa Nyeri walikuwa na Wathiomo Mukinyu tangu 1916. Tofauti ni kwamba hilo lilikuwa la misheni, na Muigwithania lilikuwa mikononi mwa Waafrika wenyewe. Ndani mlijaa methali, mashauri ya elimu na kazi, na hasa barua za wasomaji.

Februari 1929 Kenyatta alisafiri kwenda London kupeleka kilio cha ardhi. Wenzake wakaendelea na uhariri. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilipiga KCA marufuku, na gazeti likanyamazishwa.

Hata hivyo kalamu haikukauka. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, alitiwa kizuizini mwaka 1952. Huko aliandika shajara kwa siri. Ilichapishwa 1983 na kupata Tuzo ya Noma 1984.

Je, sisi? Kila mwaka chama chetu hutangaza kutaka makala, na kila mwaka huandika watu wale wale. Wengine husema eti Kiswahili si cha daktari wala injinia. Wenzangu, msoma mita aliandika, mfungwa aliandika. Gazeti bila barua za wasomaji ni karatasi tu. Leta ukurasa wako mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.