Rafiki asiyekula ngano: mikate ya mchele katika mji wa Tabora

Mgeni akiingia nyumbani Tabora saa nne asubuhi huwekewa chai, na chai hiyo siku hizi haikosi andazi, chapati au slesi za mkate. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa seliaki, vitafunio vyote hivyo vinamuumiza. Hana maringo wala hachagui chakula. Akila, utumbo wake unajeruhiwa, hata kama siku hiyo hataumwa.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Hakuna tumbo la binadamu linaloimeng'enya ikaisha; vipande vyake hufika kwenye utumbo mwembamba vikiwa bado virefu. Kwa watu wengi hupita bila madhara. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huviona kuwa ni adui, ikaanza kupigana, na anayeumia katika vita hivyo ni utumbo wenyewe. Ukuta wa utumbo huo umefunikwa na vinyuzi vidogo sana, mithili ya zulia la manyoya, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishalala na kusagika, mtu anakula akashiba ilhali mwili haupati kitu. Madini ya chuma hayaingii, damu inapungua. Kalsiamu haiingii, mifupa inadhoofika. Mtoto hakui. Wengine huharisha kwa miezi, na wengine hawana shida yoyote ya tumbo ila uchovu na upungufu wa damu usiosikia vidonge.

Ugonjwa huu hauambukizi. Ni wa kurithi kwa sehemu: karibu wagonjwa wote wana vinasaba vya aina mbili, DQ2 au DQ8, ingawa wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui maishani mwao. Duniani hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 100. Umezoeleka zaidi Ulaya, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa India, na Tabora ni mji ambao kwa zaidi ya miaka 150 umepokea familia kutoka Oman na Bara Hindi, zikaoana na wenyeji. Si vyema daktari au mgonjwa akaamini kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Aliyethibitisha kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameishuku tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika baridi ya 1944 na 1945, njaa ilipoikumba Uholanzi na mkate ukaadimika, watoto wagonjwa aliowajua walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 alichapisha tasnifu yake, na hadi leo tiba ni ile ile: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Utumbo hupona, kwa wengine kwa miezi, kwa wengine kwa miaka.

Sasa ukiwa na rafiki wa namna hii, utampikia nini? Ulaya na Marekani watu hununua kwa bei kubwa unga maalumu uliochanganywa wanga na gundi za kila aina. Mimi naona mtu wa Tabora hana haja ya kuanzia huko. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokwisha kujenga tembe zao, wakilima mpunga na ngano kidogo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo walikula mtama, uwele na mahindi. Ngano ilikuwa chakula cha wachache. Leo imeingia katika kila kibanda cha chai, nayo sehemu kubwa inaagizwa kutoka nje ya nchi, ilhali mpunga unalimwa mkoani humo humo, Igunga na Nzega. Na huko pwani, mwanzo wa njia ile ya misafara, wapishi walikwisha kuujua mkate usio na ngano zamani: vitumbua, vileja vya unga wa mchele, na mkate wa kumimina.

Mkate wa kumimina ndio ningemwandalia rafiki. Vikombe viwili vya mchele hulowekwa usiku kucha, asubuhi vikasagwa kwa blenda pamoja na tui zito, iliki na kijiko cha chai cha hamira, mpaka chenga zote ziishe. Uji huo huachwa uumuke, kisha hutiwa sukari na ute wa yai uliopigwa ukatoa povu, ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto vizuri. Makaa huwekwa chini na juu ya mfuniko.

Kila hatua hapo ina sababu yake. Unga wa ngano ukikandwa, gluteni hujifunga na kuwa wavu unaonasa hewa ya hamira, ndiyo maana donge la maandazi hunyumbuka. Mchele hauna wavu huo. Viputo vya hewa vinashikiliwa na uzito wa uji peke yake, mpaka wanga uive na kuganda kuvizunguka, jambo linaloanza kwenye joto la nyuzi 65 hadi 75 hivi. Kwa hiyo uji ukiwa mwepesi, hewa hutoroka. Ukiachwa uumuke kupita kiasi, viputo hupasuka na mkate unakuwa bapa. Sufuria ikiwa baridi, hewa imeshatoka kabla wanga haujaganda. Ute wa yai husaidia kwa sababu protini yake nayo hukaza kwa moto. Nalo tui lina faida ya ziada: mgonjwa aliyegundulika karibuni mara nyingi hawezi kumeng'enya sukari ya maziwa, ambayo tui halina, mpaka utumbo upone.

Nazi Tabora ni ghali, inatoka mbali. Siku isipopatikana, michembe na matobolwa ya viazi vitamu, karanga za kukaanga na asali ya miombo ni kifungua kinywa kamili, na hakuna hata kimoja chenye gluteni. Ugali wa mtama na uji wa uwele au ulezi vinafaa pia, tena vina madini ya chuma ambayo mgonjwa huyu anayahitaji sana. Bia ya shayiri haimfai.

Hatari kubwa iko kwenye vyombo. Utafiti umeonyesha kuwa miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi, zinatosha kuujeruhi utumbo. Slesi moja ya mkate ina kama miligramu 2,000. Kwa hiyo chembe za chapati zilizobaki kwenye kikaango si kitu kidogo. Mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi yasimkaangie mgonjwa mihogo mchana. Mashine ya kusaga mtaani nayo ina shida yake: kina mama hupeleka hapo nafaka za unga wa lishe, na wengi huchanganya ngano ndani yake, kisha mtama wako unafuata kwenye mashine ile ile. Mchele wa rafiki heri usagwe nyumbani, au utwangwe kwenye kinu kisichoguswa na ngano. Mwiko, chekeche na kibao vitengwe. Ndivyo anavyoheshimiwa mgeni mwenye maradhi.

Nalo hili ni la lazima: usimwambie mtu aache ngano kwa kuwa tu tumbo linamsumbua. Tabora kuna malaria, minyoo na kichocho, na vyote vinaweza kupunguza damu. Hivyo ndivyo vya kupimwa kwanza. Seliaki hupimwa kwa damu, kutafuta kingamwili maalumu, kisha kwa kamera inayoingizwa tumboni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo, huduma inayopatikana katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Mtu akishaacha ngano kwa muda, vipimo vyote viwili vinaweza kuonyesha kwamba ni mzima, na ugonjwa ukabaki bila jina. Aendelee kula kama kawaida mpaka apimwe.

Na wewe dada unayeuza vitumbua stendi au sokoni: siku hizi wengi hutia unga wa ngano kidogo ili vishikane. Si kosa. Ila mteja akikuuliza kama umeutia, mjibu kweli, hata kama utakosa kumuuzia.