Daktari aliyeacha hospitali akashona magunia

Ukipita Marikiti asubuhi, unachokwepa ni mikokoteni. Gunia hata hulioni, unaona tu kilicho ndani.

Sasa kuna jamaa mmoja Mwitaliano aliyelitazama gunia mpaka likamtoa kwenye kazi ya heshima. Anaitwa Alberto Burri, mzaliwa wa 1915, mji wa Città di Castello. Alisomea udaktari na akamaliza (si kama mimi niliyetoka chuo katikati, stori ambayo mamangu bado huwapa wageni na chai). Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi. 1943 akashikwa Tunisia, akapelekwa kambi ya wafungwa huko Hereford, Texas. Hapo ndipo alianza kuchora, na vifaa vikiwa haba, akachora juu ya magunia. Aliporudi Italia 1946, hospitali haikumwona tena.

Hebu fikiria kuwaambia wazazi wako hivyo.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950, gunia halikuwa tena mahali pa kuchorea. Lilikuwa ndilo mchoro. Si hizi za nailoni, ni zile za zamani za nyuzi za kahawia. Ukisongea karibu unaona viraka juu ya viraka, mishono minene, mahali pamevimba na pengine nyuzi zimelegea kabisa. Halafu kuna tundu, na ndani yake nyeusi au nyekundu inakuchungulia. Hakuna mtu, hakuna mti. Ukianza kuuliza "hii ni picha ya nini?" utatoka na kichwa kinauma. Wewe fuata tu uzi, uone kilichoraruka kimeshikwa wapi na kimeachwa wapi.

Kazi yake moja ya 1949, SZ1, ina vipande vya magunia ya msaada wa Marekani, maandishi yakionekana. Kama kwenu chakula cha msaada kimewahi kufika, unajua gunia lile halitupwi. Linageuka mkeka, pazia, hata ukuta.

Wengi walikasirika. Grande Sacco, ya 1952, ilipoonyeshwa Roma, kelele zilifika mpaka Seneti: gunia chafu linatafuta nini kwenye jumba la taifa?

Waliompenda nao walisema ile ni mishono ya daktari, na matundu ni vidonda vya vita. Burri hakupenda maelezo hayo. Kusema ukweli, mimi pia nikiangalia naona vidonda. Lakini namwelewa. Ukishaacha kitu, watu hawachoki kukutafuta humo humo ulimotoka.

Mimi nimetundika gunia la mahindi ukutani kwa keja. Lina tundu moja kubwa, sijaamua kama nitalishona. Mathe alipokuja Jumapili alilitazama kitambo, kisha akauliza kama hii nyumba ina panya.