Ni nani anayekagua godoro la mwanafunzi?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanafunzi wetu huikariri methali hii kwa ajili ya mtihani na kuieleza kuwa ni istiari ya siri zilizomo katika nyumba za watu. Leo namwomba msomaji aichukue kama ilivyo, neno kwa neno, kwani ninachotaka kukizungumzia ni kitanda chenyewe, na godoro lililo juu yake, na mtoto aliye juu ya godoro.

Shule zikaribiapo kufunguliwa, yeyote apitaye Nyeri, Karatina, Kerugoya au Embu huyaona magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba juu ya matatu, yakielekea shuleni pamoja na masanduku ya chuma na ndoo za plastiki. Mzazi huwa ameshika orodha ndefu. Ameanza na karo, akaja kwenye sare, akaja kwenye viatu na vitabu, na hatimaye, jua likiwa limekwisha kupinduka na fedha zikiwa zimekwisha kupungua, huingia dukani kutafuta godoro. Orodha humwambia futi mbili u nusu kwa futi sita, unene inchi tatu au nne. Mzazi hulipa na kuondoka. Ni nadra kumsikia akiuliza vipimo hivyo vilitoka wapi, na lau angeuliza, angeambiwa kwamba ndivyo vitanda vya shule vilivyo. Kimo cha mwanawe hakikuulizwa. Uzito wake haukuulizwa. Kilichopimwa ni kitanda, na kitanda nacho kilipimwa kwa hesabu ya watoto wangapi wanaweza kuingia katika bweni.

Katika miaka ya tisini nilikuwa mwalimu katika shule moja ya bweni milimani huku. Palikuwa na mvulana wa kidato cha tatu aliyekuwa akisinzia kila siku katika kipindi cha kwanza cha asubuhi. Tulimwita mvivu. Tulimsimamisha nyuma ya darasa, tukampa adhabu ya kufyeka nyasi, tukamwandikia mzazi wake barua. Jioni moja nikiwa mwalimu wa zamu nilipita bwenini mwao, nikaketi juu ya kitanda chake kufunga kamba ya kiatu, nikazama. Godoro lile lilikuwa limenunuliwa wakati kaka yake alipojiunga na shule hiyo hiyo. Kaka alimaliza, akamrithisha mdogo wake. Katikati palikuwa na shimo lenye umbo la mtu. Nilibonyeza kwa kiganja nikagusa waya wa kitanda, na waya wenyewe ulikuwa umelegea ukaning'inia kama wavu wa samaki. Isitoshe, mvulana yule alikuwa mrefu kuliko kitanda. Alilala amejikunja kama mtoto mchanga, na akijinyoosha, nyayo zake zilipita katikati ya vyuma vya upande wa miguuni na kubaki nje ya blanketi. Ulikuwa mwezi wa Julai. Wanaoijua Nyeri ya Julai hawahitaji maelezo zaidi. Sisi walimu watano tuliomwadhibu hatukuwa tumemwuliza hata mara moja analala wapi.

Basi godoro hubadilishwa lini? Wauzaji hupenda kutaja miaka, na ni kweli kwamba sponji nzuri, iliyo nzito, huweza kumtumikia mtu nyumbani kwa miaka saba hata kumi. Lakini sponji nyembamba na nyepesi inayouzwa kwa ajili ya bweni haina umri huo, na kalenda peke yake haitoshi kuihukumu. Dalili ndizo za kutazamwa. Mwondoe mtoto kitandani asubuhi, usubiri saa moja, kisha utazame: ikiwa bonde aliloliacha halijainuka, godoro hilo limekwisha. Ukilala juu yake ukazihesabu chaga za kitanda kwa mgongo, limekwisha. Ukilifungua kifuniko ukaona sponji imekuwa ya manjano na inamomonyoka vidoleni kama mkate mkavu, limekwisha siku nyingi. Na lile lililolowa mikojo mara kwa mara bila ya kuanikwa, au lililokaa juu ya sakafu ya saruji likanyonya unyevu hadi likaota ukungu, halifai kumlaza mtoto, hasa mwenye pumu, hata kama lilinunuliwa mwaka jana.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na nafuu moja tuliyoipoteza. Godoro la sufi au la pamba lilipolala, lilifumuliwa, pamba ikachambuliwa na kuanikwa juani, ikarudishwa ndani likawa jipya. Sponji haichambuliki. Ikishalala imelala.

Kuna njia nyepesi ya kulijua godoro bora dukani, nayo hata mwanafunzi anayeanza somo la fizikia anaweza kuitumia. Chukua mawili yenye vipimo sawa, uyainue. Lililo zito lina sponji nyingi zaidi ndani yake. Lililo jepesi lina hewa. Godoro la futi mbili u nusu kwa sita, lenye unene wa sentimita 10, lina ujazo wa takriban 0.139 ya mita moja ya ujazo. Likiwa la sponji ya kilo 25 kwa kila mita ya ujazo, litakuwa na uzito wa karibu kilo tatu na nusu. Likiwa la kilo 16, halitafika hata kilo mbili na robo. Yote mawili yana kitambaa kile kile cha maua.

Kuhusu ukubwa wa kitanda, kosa letu ni kudhani kwamba mtoto ni mtu mdogo na kwa hiyo kitanda chake kiwe kidogo. Mtoto hageuki tu usingizini. Anakua usingizini pia. Kati ya miaka 13 na 17 si ajabu mvulana kuongeza sentimita 15 au zaidi. Kitanda kinapaswa kumzidi alalaye kwa kadiri ya sentimita 15, na futi sita ni sentimita 183. Kwa hiyo aliye na kimo cha sentimita 170 amekwisha kufika ukingoni, na wengi hukipita kimo hicho kabla ya kumaliza masomo. Nyumbani nako, mzazi anayenunua kitanda kwa mtoto wa miaka mitano angefanya busara kununua cha futi tatu kwa sita moja kwa moja, kuliko kununua kidogo sasa na kingine baada ya miaka mitatu. Ama mtoto mchanga ni habari nyingine: yeye ahitaji godoro gumu lililokaza, lisilo na mito wala bonde, kwani sponji laini inaweza kumziba pumzi.

Vitanda vya ghorofa navyo vina hatari yake isiyosemwa. Nchini Marekani kanuni hutaka kizuizi cha kitanda cha juu kipande walau inchi tano juu ya godoro, na mtoto wa chini ya miaka sita huonywa asilazwe huko. Mzazi mwenye huruma akimnunulia mwanawe godoro la inchi nane kwa kitanda cha juu, huenda amemlaza sawa na kizuizi au juu yake. Unene ni mzuri, lakini lazima chuma cha pembeni kipimwe kwanza.

Nimefika penye uzito wa mambo. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati isiyopungua mita 2. Unataka mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati, yote ikifunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na vyuma. Hebu tupige hesabu. Bweni la urefu wa mita 20 na upana wa mita 6 hubeba safu mbili za vitanda. Kwa vitanda vya futi mbili u nusu, kila safu itachukua vitanda 10. Kwa vitanda vya futi tatu, kila safu itachukua vitanda 10 vilevile! Jumla ni 20, na vikiwa vya ghorofa ni watoto 40, pungufu kidogo tukiuachia nafasi mlango wa katikati. Kumbe ule wembamba wa kitanda haumwokolei mtu chochote ikiwa kanuni inafuatwa. Faida yake huonekana kanuni inapovunjwa: sogeza vitanda hadi pabaki futi moja kati yao, na kila safu sasa itameza vitanda 19, yaani watoto 76 mle mle.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Kieni, katika kaunti yetu hii ya Nyeri. Wavulana 21 walikufa. Bweni lile, lililojengwa kwa mbao kwa sehemu kubwa, lililaza wavulana zaidi ya 150. Huko nyuma, Mei 1999, viranja wanne wa Nyeri High School waliteketezwa vyumbani mwao, na Machi 2001 wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos. Kila moto ulikuwa na chanzo chake na sitaki kuichanganya. Lakini kila bweni lina sponji, na sponji ni zao la mafuta ya petroli: hushika moto upesi, na moshi wake hubeba sumu ya kaboni monoksaidi na sianidi. Waingereza walilitambua hilo baada ya samani za sponji kuwaka katika duka la Woolworths mjini Manchester mwaka 1979 na kuua watu kumi. Mwaka 1988 wakaweka sheria ya sponji inayostahimili moto. Mtoto aliyeamshwa na moshi wa namna hiyo ana dakika chache mno, na njia ya futi moja kati ya vitanda huzila zote.

Najua jibu la walimu wakuu, kwani nililisikia nilipokuwa miongoni mwao: tukiviachanisha vitanda, hawa wengine tuwapeleke wapi? Ni swali la haki. Tangu sera ya kumpeleka kila mtoto shule ya upili ilipokazwa mwaka 2018, wanafunzi waliongezeka kwa kasi kuliko mabweni. Lakini swali hilo lipelekwe kwa bodi na kwa Wizara, wala lisijibiwe kwa kusogeza vitanda. Novemba 2024 Wizara yenyewe ilitangaza kufunga sehemu za bweni katika shule za msingi 348. Katika miji yetu hii, ambako nyumba nyingi ziko mwendo mfupi kutoka shuleni, watoto wengi wangeweza kulala kwao.

Yaliyo ndani ya uwezo wa shule ni haya. Mwaka wa kununuliwa uandikwe kwa wino kwenye pembe ya kila godoro. Mwalimu wa bweni ayapitie yote wiki moja kabla ya likizo, mzazi ajue mapema, si siku ya kufungua. Shule inunue kwa jumla, ichague sponji nzito, na imiliki magodoro yenyewe ili kaka asimrithishe mdogo wake shimo. Na walimu wa hisabati wawape wanafunzi utepe wa kupimia, waende bwenini mwao kwa kipindi kimoja, warudi na idadi ya vitanda vilivyopo na ya vinavyostahili kuwepo. Hesabu hizo mbili zibandikwe nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo wazazi huketi wakingoja kulipa karo.