Kafi na Kalamu Huko Karema

Mtu atokaye Mpanda akashika njia ya magharibi mpaka nchi kavu ikome, hufika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Urefu wa ziwa hilo ni kilomita 673, na kina chake hufika mita 1,470. Mwanafunzi aliyezoea kupiga kafi katika maji hayo amekwisha pata somo moja lisilofundishwa darasani: mmoja akivuta na mwenziwe akilala, mtumbwi huzunguka pale pale.

Wapo miongoni mwa vijana hao wanaotamani kwenda chuoni kusomea uganga, wapate kuwasaidia watu wao. Aliyewahi kusaidia kumvusha mgonjwa usiku, upepo ukivuma, hana haja ya kuelezwa sababu.

Tamaa hiyo si ngeni Karema. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alitekwa utumwani angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 mtu huyo wa mto akafika Karema, akawa mtu wa ziwa. Alioa hapo, akazaa mtoto ambaye baadaye alipata upadri, akawatibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Tuhesabu vizuri: miaka ya chuo haikufika kumi, na ya kazi ilikuwa 67, mahali pamoja! Leo hospitali moja mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012, umepata kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nayo ni neema kwa wakulima wetu. Lakini atakaye udaktari hana budi kusafiri mbali, kama vile Bugando kule Mwanza, Dodoma, au Muhimbili. Hukaa huko miaka mitano, akazoea taa na lami. Je, atarudi?

Ni desturi yetu kumlaumu kijana asiyerudi. Mimi naona lawama hiyo ni nusu ya haki. Atiman alikuwa na misheni nyuma yake, ikampa mahali pa kukaa na pa kufanyia kazi. Daktari wa leo akirudishwa kijijini akakuta kabati la dawa ni tupu, nyumba haina paa, na mgonjwa wa ng'ambo ya hori bado anangoja mtumbwi wa kuazima, tumemwita arudi kufanya nini? Wakati yeye yumo chuoni, kamati zetu za vijiji zina miaka mitano ya kutafuta bati, dawa, na mashua moja yenye injini.