Herufi Chakavu Zina Mahali Pake

Akina mama tunaandaa karatasi nyingi siku hizi: kadi za harusi, ratiba za mazishi, lebo za asali na achari za kuuza. Tukifika kwenye duka la steshenari, kompyuta hutuonyesha mitindo mingi ya herufi, nasi huchagua unaotupendeza. Lakini je, tumewahi kufikiri kwamba herufi husema kabla neno halijasomwa? Mwezi huu tuzitazame zile zinazoonekana kama zimepakwa kwa brashi, kisha zikachakaa kwa jua na mvua.

Zilikotoka

Wachora mabango wetu wanazijua vizuri. Brashi ikikaribia kuishiwa rangi, mstari huacha mikwaruzo. Ukuta usipokuwa laini, ukingo wa herufi hukatika. Wabunifu wa herufi za uchapaji waliiga kazi ya mkono kama hiyo. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon alitoa herufi za Mistral, zilizotokana na mwandiko wake mwenyewe.

Zinazojulikana zaidi kati ya herufi chakavu ni Papyrus, yaani mafunjo. Mmarekani Chris Costello alizichora mwaka 1982, akiwa na miaka 23, kwa kalamu na karatasi isiyo laini. Kazi ilichukua miezi sita. Alitaka kuonyesha jinsi Kiingereza kingeonekana kama kingeandikwa juu ya mafunjo miaka 2,000 iliyopita, katika nchi za Biblia. Baadaye ziliingizwa katika kompyuta nyingi zikaenea duniani.

Tabia yake

Uzuri wa herufi hizi umo katika kasoro zake. Zinamwambia mtu: hiki kimetengenezwa kwa mkono, au hiki ni cha zamani. Ndiyo maana zinafaa kwa asali, sabuni ya nyumbani na chai ya viungo.

Hata hivyo, mara nyingi kompyuta hurudia kasoro ile ile. Andika KARANGA, utaona kila A ina mkwaruzo ule ule mahali pale pale. Fundi mwenye brashi hawezi kufanya hivyo. Kama bango lako ni la ukutani, mwite fundi. Utapata kitu halisi, naye atapata riziki.

Tahadhari

Herufi zikiwa ndogo, mikwaruzo huzila. Tarakimu 3 inaweza kusomwa 8, na mteja akapiga simu kwa mtu mwingine. Mgeni anaweza kukosa ibada kwa sababu saa haikusomeka. Bibi mwenye macho dhaifu atashindwa kufuata ratiba ya kumzika ndugu yake. Na maelezo ya kipimo cha dawa yasiandikwe kabisa kwa herufi hizi.

Tunashauri hivi:

1. Zitumie kwa maneno machache makubwa tu, kama jina la bidhaa au la maharusi.

2. Saa, mahali, namba za simu na viambato viandikwe kwa herufi za kawaida.

3. Usichanganye mitindo miwili ya mapambo katika karatasi moja.

4. Kabla ya kuchapa nakala mia, chapa moja. Mpe mtu mzima kuliko wote nyumbani aisome kwa sauti. Akikwama, badilisha.

Pambo ni jema, lakini karatasi imeandikwa ili isomwe. Tuanze na msomaji, kisha tupambe.