Unataka kompyuta ya kuediti harusi? Usidanganywe na stika ya i7



Vijana wengi wa huku wameingia kwenye kazi ya video: harusi, send-off, maulidi, mahafali, klipu za wasanii. Kwa kuanzia hata simu nzuri inarekodi. Shughuli iko kwenye mashine ya kueditia. Mtu anadunduliza miezi kadhaa, anaagiza mtumba Kariakoo, mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kigoma, akiuwasha unakwamakwama. Kurudisha ni nauli nyingine, na muuzaji hapokei simu tena.

Leo tuongelee prosesa. RAM utaongeza, diski utabadili, lakini prosesa ya laptop nyingi imechomelewa kwenye bodi. Ukikosea hapo umekosea jumla.

Kwanza, soma namba, achana na stika. Majina ya i3, i5 na i7 yapo tangu miaka ya 2008 hadi 2010, kwa hiyo i7 ya zamani na ya juzi zinaitwa jina moja. Kinachosema ukweli ni namba inayofuata. i7-2600 ni kizazi cha 2, i5-8500 ni cha 8, i7-10700 ni cha 10. Cheki mfano huu: i7-7500U ya laptop, iliyotoka 2016, ina kori 2 tu. i5-8400 ya kompyuta ya mezani, iliyotoka 2017, ina kori 6. Ni kama gunia la dagaa pale Kibirizi, usinunue kwa kuangalia wa juu tu.

Pili, kori. Zichukulie kama watu wanaovuta wavu. Kurenda video ni kazi inayogawanyika, kwa hiyo sita watamaliza mapema kuliko wawili. Gigahezi nazo zina umuhimu, ila usilinganishe gigahezi za vizazi tofauti, maana kizazi kipya kinafanya kazi zaidi kwa gigahezi ileile.

Tatu, video za simu. Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi kwa H.265. Faili linakuwa dogo, lakini kulifungua ni kazi nzito. Prosesa za Intel zenye chipu ya picha, kuanzia kizazi cha 7, zina sehemu maalumu ya kazi hiyo, hata kwa H.265 ya biti 10. Kizazi cha 2 au cha 3 hakina, mzigo wote unaangukia kori, na video inarukaruka kabla hujakata hata kipande kimoja. Angalizo: namba ikiishia na F, kama i5-9400F, haina chipu ya picha ndani. Lazima ununue kadi ya picha pembeni.

Nne, Windows. Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Chini ya hapo unanunua mashine ambayo tayari imeachwa na wenyewe.

Tano, umeme na joto. Mji wetu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo kukatika kwa umeme hatuhadithiwi. Ukirenda saa mbili, umeme ukakatika zimebaki dakika kumi, mara nyingi unaanza upya, na bwana harusi anapiga simu. Tenga hela ya UPS. i5-8500 imepangiwa wati 65, ndugu yake i5-8500T wati 35. Yenye T inakula umeme kidogo na haichemki sana, ila kazi ndefu inachelewa. Vumbi nalo ni adui, kwa sababu prosesa ikichemka inajipunguza spidi yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mfuko mdogo: kompyuta ya mezani ya ofisini, i5 ya kizazi cha 8 au 9, RAM GB 16 na diski ya SSD. Mfuko ukiruhusu, i7-10700 yenye kori 8. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600G ina kori 6 na chipu ya picha ndani. Laptop chukua kama kweli unazunguka nayo, maana kwa kori zilezile ya mezani inapoa vizuri zaidi.

Kabla ya kutuma hela, mpigie muuzaji simu ya video. Mwambie awashe mashine, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aende Performance, kisha CPU. Jina la prosesa na idadi ya kori vitaonekana. Akianza kuzunguka, hela yako ibaki mfukoni.

Na kama tayari una mashine dhaifu, usiitupe. Programu nyingi za kuediti zinaweza kutengeneza nakala nyepesi za video. Unakata kwa nakala hizo, mwisho inarenda kwa video halisi. Kurenda kutachelewa, lakini kazi itatoka.

Mwenye swali au uzoefu tofauti atupie hapo chini. Ukiweka na namba ya prosesa yako tutasaidiana vizuri zaidi.